Mtiririko wa Nishati katika Mfumo Ikolojia wa Pwani ya Tanga: Kutoka Nyasi Bahari hadi Silikanti

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi nishati inavyohama kutoka kiumbe kimoja hadi kingine katika pwani ya Tanga, kati ya mpaka wa Kenya na mlango wa mto Pangani. Hoja kuu ni kwamba nishati, tofauti na virutubisho, haizunguki. Huingia katika mfumo ikolojia kama mwanga wa jua, hupungua katika kila hatua ya ulaji, na hatimaye hutoka kama joto lisiloweza kurudishwa. Kwa hiyo kiasi cha samaki kinachomfikia mvuvi hutegemea mambo matatu: kiasi cha nishati kinachonaswa na wazalishaji, idadi ya hatua zilizopo kati ya mzalishaji na samaki anayevuliwa, na iwapo njia ya nishati kufika kwa samaki huyo iko wazi au imekatwa. Mambo hayo yanachunguzwa kwa kutumia mifano ya mikoko, nyasi bahari, planktoni na matumbawe, kisha yanahusishwa na uvuvi wa baruti na hatima ya silikanti.

1.0 Utangulizi

Mvuvi anayetega dema kwenye nyasi bahari za Tongoni na mvuvi anayetoka na taa usiku wa giza kutafuta dagaa hutumia vyombo tofauti, maji tofauti na maarifa tofauti. Hata hivyo, wote wawili huchota katika chanzo kimoja. Nyama ya tasi aliyenaswa katika dema na nyama ya dagaa aliyefuata taa ni mwanga wa jua uliohifadhiwa katika umbo la kikemia. Tofauti iliyopo ni njia ambayo mwanga huo umepita, na kiasi kilichopotea njiani.

Katika ufundishaji wa ikolojia kwa Kiswahili, ni rahisi msemaji kuunganisha dhana mbili zinazopaswa kutenganishwa: mzunguko wa virutubisho na mtiririko wa nishati. Naitrojeni iliyomo katika jani la mkoko inaweza kuingia katika mwili wa kaa, kisha wa samaki, kisha ikarudi matopeni na kufyonzwa tena na mzizi wa mkoko uleule. Huo ni mzunguko kwa maana kamili ya neno. Nishati iliyomo katika jani hilo haina safari ya kurudi. Anayesema kwamba nishati huzunguka anadokeza, pengine bila kukusudia, kwamba kilichotolewa baharini kitarudi chenyewe. Kosa la istilahi hapa huzaa kosa la usimamizi wa rasilimali, na ndiyo sababu makala haya yanatumia neno mtiririko.

2.0 Misingi ya Nadharia

Istilahi ya mfumo ikolojia ililetwa na mwanabotania Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935. Miaka minane kabla yake, Charles Elton alikwisha kueleza kwamba viumbe hupangika katika minyororo ya chakula, na kwamba idadi yao hupungua kadiri mnyororo unavyopanda. Sababu ya upungufu huo ilifafanuliwa kwa misingi ya nishati na Raymond Lindeman, mtafiti Mmarekani aliyechunguza ziwa dogo la Cedar Bog katika jimbo la Minnesota. Makala yake ilichapishwa mwaka 1942, miezi michache baada ya kufariki kwake akiwa hajatimiza umri wa miaka 27. Lindeman aliviweka viumbe katika ngazi za ulaji na kuuliza swali moja: katika nishati yote inayoingia ngazi moja, ni kiasi gani kinachofika ngazi inayofuata?

Jibu la swali hilo linaongozwa na kanuni mbili za fizikia. Kanuni ya kwanza inasema kuwa nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika umbo. Kanuni ya pili inasema kuwa katika kila badiliko, sehemu ya nishati hutawanyika kama joto lisiloweza kufanya kazi tena. Tasi anapokula nyasi bahari, sehemu ya chakula hutoka kama kinyesi bila kusagwa. Katika sehemu iliyosagwa, kiasi kikubwa huchomwa katika seli ili samaki aogelee, apumue, akwepe adui na kukarabati mwili wake. Kinachobaki baada ya matumizi hayo ndicho kinachogeuka kuwa nyama na mayai, na ni hicho pekee ambacho chewa au binadamu anaweza kula.

Kwa wastani, kiasi kinachovuka kutoka ngazi moja hadi nyingine hukadiriwa kuwa asilimia 10. Daniel Pauly na Villy Christensen, katika utafiti wao wa mwaka 1995 uliokusanya modeli 48 za mifumo ikolojia ya majini, walipata wastani unaokaribiana sana na kadirio hilo. Ni vema kusisitiza kuwa huu ni wastani, si sheria. Wanyama wenye damu moto, kama pomboo na ndege wa baharini, hutumia sehemu kubwa ya chakula chao kutunza joto la mwili, hivyo hubakiza kidogo zaidi kwa ajili ya kukua. Samaki wengi, ambao joto la miili yao hufuata joto la maji, hubakiza zaidi. Vilevile, samaki mchanga hugeuza sehemu kubwa ya chakula kuwa nyama kuliko samaki aliyekwisha kupevuka.

3.0 Milango ya Nishati katika Pwani ya Tanga

Nishati huingia katika pwani hii kupitia milango kadhaa. Kila mlango una wazalishaji wake na njia yake ya kuwafikia walaji.

3.1 Mikoko

Katika maeneo ya mikoko ya Mkinga, Tanga na Pangani hukua mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Miti hii hunasa nishati nyingi, lakini ni kidogo tu kati yake huliwa ikiwa mbichi, kwa kuwa majani yake ni magumu na yamejaa tanini. Sehemu kubwa huingia katika mtandao wa chakula baada ya jani kuanguka. Kaa hulivuta jani hadi shimoni na kulitafuna. Bakteria na kuvu huvunjavunja kilichobaki. Masalia hayo pamoja na vijidudu vilivyoyavamia huliwa na kamba, konokono na samaki wachanga. Njia hii huitwa mnyororo wa masalia, na hutofautiana na mnyororo wa malisho ambamo mlaji hula mmea ulio hai.

Umbali unaofikiwa na nishati ya mikoko ni jambo lililopimwa. Katika ghuba ya Gazi, kaskazini ya mpaka katika pwani ya Kenya, Hemminga na wenzake walichunguza uwiano wa atomi nzito na nyepesi za kaboni, kwa kuwa mikoko na nyasi bahari hutofautiana katika uwiano huo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1994, yalionesha kuwa chembe za masalia ya mikoko huishia zaidi katika nyasi bahari zilizo jirani, na kwamba mchango wake kwenye miamba ya matumbawe ni mdogo. Kwa hiyo kauli kwamba mikoko hulisha matumbawe inahitaji kurekebishwa. Mchango wa mikoko kwa miamba upo, ila hubebwa zaidi na miili hai: samaki anayekulia mikokoni na kuhamia mwambani baadaye huondoka na nishati aliyoipata huko.

3.2 Nyasi bahari na mwani

Nyasi bahari ni mimea halisi yenye mizizi, maua na mbegu, ilhali mwani hauna viungo hivyo. Vyote viwili hutoa nishati moja kwa moja kwa walaji wa mimea, hasa tasi na baadhi ya jamii za pono. Hapa mnyororo ni mfupi: jua, mmea, tasi, binadamu. Ufupi huo unaeleza kwa nini dema inayotegwa karibu na kijiji, kwenye maji ya kina kifupi, imeweza kulisha kaya za pwani kwa vizazi vingi.

3.3 Planktoni

Mbali kidogo na ufuo, kazi ya uzalishaji hufanywa na vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, ambavyo ni kundi mojawapo la planktoni. Huliwa na vijinyama vinavyoelea, navyo huliwa na dagaa. Dagaa huliwa na vibua, nguru na jodari. Mvua za masika huongeza maji ya mito ya Umba, Zigi na Pangani, na mito hiyo huleta virutubisho pamoja na tope. Virutubisho huchochea ukuaji wa vijimea, lakini tope likizidi huzuia mwanga kupenya. Hapa uhusiano wa dhana mbili zilizotajwa awali hujitokeza waziwazi: virutubisho vinavyozunguka ndivyo vinavyoamua kiasi cha mwanga unaopita kinachoweza kunaswa.

3.4 Matumbawe

Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya seli zake huishi mwani wa seli moja unaofanya usanisinuru. Sehemu kubwa ya nishati ya tumbawe, ambayo katika maji angavu inaweza kufikia asilimia 90 ya mahitaji yake, hutoka kwa mwani huo. Mlaji na mzalishaji wanaishi katika mwili mmoja, hivyo upotevu wa kutafuta na kukimbiza chakula haupo. Mpango huo una udhaifu wake. Joto la maji likipanda kupita kiasi, tumbawe huutoa mwani wake na kubaki jeupe. Hali hiyo iliikumba miamba ya Bahari ya Hindi Magharibi mwaka 1998. Kinachoitwa kupauka kwa matumbawe, kwa lugha ya nishati, ni njaa.

4.0 Hesabu ya Hatua

Athari ya idadi ya hatua huonekana vizuri kwa kutumia wastani wa asilimia 10. Kwa mfano wa kinadharia, vijimea vyenye uzito wa kilo 10,000 hutoa kilo 1,000 za vijinyama vinavyoelea. Hizo hutoa kilo 100 za dagaa. Dagaa hao wakiliwa na nguru, hutoa kilo 10 za nguru, na nguru hao wakiliwa na papa, hutoa kilo 1 ya papa. Katika mnyororo wa nyasi bahari, kilo 10,000 za mmea zinazoliwa hutoa kilo 1,000 za tasi katika hatua moja tu. Mfano huu unachukulia kuwa uzito unawakilisha nishati, jambo ambalo si sahihi kikamilifu, lakini tofauti ya ukubwa inayooneshwa nao ni ya kweli.

Hesabu hiyo inaeleza mambo mawili. Kwanza, papa, chewa wakubwa na nguru hawawezi kuwa wengi hata katika bahari isiyovuliwa. Uchache wao hautokani na uvuvi peke yake, bali ni matokeo ya fizikia, na kwa sababu hiyo wao ndio wa kwanza kutoweka uvuvi unapozidi. Pili, kuhamia kwa wavuvi kwenye samaki wadogo kunaweza kuficha uharibifu. Mwaka 1998 Pauly na wenzake walionesha kuwa uvuvi wa dunia ulikuwa ukishuka ngazi za ulaji, kutoka walanyama wakubwa kwenda kwa samaki wanaokula planktoni. Kwa kuwa kila ngazi ya chini ina nishati nyingi zaidi, uzito wa samaki wanaoshushwa ufuoni unaweza kubaki uleule, au hata kuongezeka, wakati mnyororo unakatwa kuanzia juu. Mtafiti anayepima uzito pekee, bila kuuliza ni samaki wa ngazi ipi, anaweza kuandika taarifa njema kuhusu bahari inayodhoofika.

Suala la umri linaongeza uzito wa hoja hii. Juya la kukokota lenye macho madogo huzoa samaki wachanga katika kipindi ambacho hugeuza chakula kuwa nyama kwa ufanisi mkubwa zaidi. Hasara yake haiishii kwenye uzito wa samaki waliovuliwa. Nishati ambayo samaki hao wangeikusanya kwa faida katika miezi iliyofuata hubaki bila mkusanyaji.

5.0 Njia Inapokatika

5.1 Baruti

Uvuvi wa baruti umeripotiwa katika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Ulipigwa marufuku na sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, na marufuku hiyo ikaendelezwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Mkoa wa Tanga ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Kuanzia mwaka 1994 hadi 2007, mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, uliosaidiwa na serikali ya Ireland na shirika la IUCN, ulishirikisha vijiji kuunda maeneo ya usimamizi wa pamoja kama Mtang'ata, Mwarongo-Sahare na Boza-Sange, yakiwemo maeneo ya miamba yaliyofungwa dhidi ya uvuvi.

Madhara ya mlipuko mara nyingi huelezwa kwa idadi ya samaki wanaokufa. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Matumbawe yaliyokufa kwa joto hubaki yamesimama kwa muda, na samaki huendelea kujificha humo. Matumbawe yaliyolipuliwa huwa kifusi kinachosukumwa huku na huko na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika juu yake. Jua halijapungua na mwani bado huota juu ya kifusi, lakini mashimo na matawi yaliyowahifadhi walaji wa mwani dhidi ya adui hayapo tena. Chakula kimebaki, mlaji ameondoka. Hii ni njia iliyokatika katikati, na kuongeza uzalishaji katika ngazi ya chini hakuwezi kuiunganisha.

5.2 Kikande na viumbe wa miiba

Njia inaweza pia kukatika bila mlipuko. Tafiti za Tim McClanahan katika miamba ya Kenya, iliyo katika ukanda uleule na miamba ya Tanga, zilionesha nafasi ya samaki aina ya kikande. Kikande ana meno yenye nguvu na huwala wale viumbe duara wa miiba mirefu wanaochoma miguu ya wapita mwambani. Kikande anapovuliwa kupita kiasi, viumbe hao huongezeka sana. Wao nao hula mwani, kama tasi na pono, lakini miili yao hutumia nishati kidogo mno. Mwani ukipungua, samaki hushinda njaa mapema, ilhali viumbe wa miiba huendelea kuishi kwa kiasi ambacho samaki hawezi kukitegemea. Aidha, katika kutafuta chakula hukwangua mwamba na kuumomonyoa.

Matokeo yake ni kwamba nishati inayonaswa na mwani inaweza kuwa ileile, lakini inaelekezwa kwa kiumbe asiyevuliwa kwa ajili ya chakula katika pwani hii na ambaye adui yake amekwisha kuondolewa. Nishati hufika hapo na kuishia kama joto. Kwa mtazamo wa ikolojia, mtiririko haujasimama. Kwa mtazamo wa kaya inayotegemea dema, umesimama.

6.0 Silikanti: Maisha ya Matumizi Madogo

Mwisho wa mtiririko, kwenye miteremko ya kina kirefu iliyo nje ya miamba, anaishi silikanti. Samaki huyu alijulikana kwa wanasayansi tu kama kisukuku hadi mmoja alipopatikana akiwa amevuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Nchini Tanzania alianza kuripotiwa mwaka 2003, na tangu mwaka 2004 makumi ya silikanti wamenaswa katika maji ya Tanga, hasa Kigombe na jirani zake, katika majarife yaliyowekwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa mwaka 2009.

Mwanga hafifu wa kina hicho hauwezi kuendesha uzalishaji wa maana, hivyo chakula hutegemea kilichozalishwa juu. Silikanti anaendana na uhaba huo. Matamvua yake ni madogo kwa ukubwa wa mwili wake, kasi ya mwili wake kutumia nishati ni ya chini sana, hupumzika mapangoni mchana, na usiku huteleza polepole na maji akitafuta samaki na ngisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliosoma alama za ukuaji katika magamba, ulikadiria kuwa anaweza kuishi karibu miaka 100 na kwamba ujauzito wake huchukua takribani miaka 5.

Uchumi huo wa nishati umemwezesha kuishi mahali ambapo wengine wangekufa njaa, na ndio huohuo unaomfanya asihimili jarife. Spishi inayopokea nishati kidogo hujenga mwili polepole na huzaa kwa nadra, hivyo kila mmoja anayetolewa huchukua miongo kufidiwa. Pia kuna uhusiano kati ya baruti na silikanti ambao hauonekani kwa urahisi. Samaki wa mwambani wanapopungua, wavuvi husukumwa kwenda maji ya kina kirefu zaidi, na njia iliyokatika katika maji mafupi huhamishia shinikizo kwa kiumbe aliye na uwezo mdogo kuliko wote wa kulihimili.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kuwa nishati katika pwani ya Tanga huingia kupitia mikoko, nyasi bahari, mwani, planktoni na matumbawe, hupungua kwa takribani sehemu tisa katika kumi kila inapovuka ngazi ya ulaji, na hutoka kama joto. Jua la kesho litaleta nishati nyingine, lakini halitaleta mnyama wa kuipokea. Kwa hiyo matumaini kwamba bahari itajirudisha yenyewe ni sahihi pale tu ambapo wazalishaji, walaji wa kati na makazi yao vimebaki.

Kwa watafiti, matokeo ya ufafanuzi huu ni kwamba takwimu za uzito wa samaki zinapaswa kuandamana na ngazi zao za ulaji. Kwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vijijini, swali la kuuliza kabla ya kufungua mwamba uliofungwa si tu kama samaki wamekuwa wengi, bali kama kikande na walanyama wengine wamerudi, kwa kuwa wao ndio wanaozuia nishati isiishie kwa viumbe wa miiba. Kwa waandishi wa vitabu vya sayansi kwa Kiswahili, inapendekezwa kwamba neno mzunguko libaki kwa virutubisho, na nishati ipewe neno mtiririko, kwa kuwa neno hilo linabeba ukweli ambao mwanafunzi wa pwani atauhitaji atakapokuwa mvuvi, mchuuzi wa samaki au mtunga sheria.